Ahadi Mbele ya Kunguru

Sehemu ya kumi na nne

Hawakushuka.

Najua mmenilaani wiki nzima kwa kuwaacha pale kwenye ngazi za mto, kunguru kumi na mmoja wamejipanga ukutani na tonge la wali linapoa juu ya jani. Basi jibu ndilo hilo. Saa tatu asubuhi ilipita, saa nne ikapita, na hakuna hata mmoja aliyelinyooshea mdomo tonge lile.

Wewe uliyeokota gazeti leo kwa mara ya kwanza, nakupa dokezo moja tu, tusonge mbele. Indumati, mke wa Inspekta Raghunath Bhalekar, alikutwa amekufa ndani ya kisima cha ngazi za mawe za kuteremkia majini, nyuma ya nyumba yao. Leo ni siku ya kumi. Na watu wa mji wa Nashik siku ya kumi huteremka hadi mto Godavari, wakaweka tonge, wakamngoja kunguru. Akiligusa, marehemu ameridhika, ameondoka. Asipoligusa, kuna jambo limemshika, na bado yuko pale pale katikati yao, amesimama.

Raghunath alikuwa amechuchumaa mbele ya jani, kifua wazi. Kinyozi alikuwa amemnyoa kichwa chote, na masharubu pia. Masharubu yale yaliwatisha wezi kwa miaka kumi na tisa. Bila hayo, Inspekta alionekana kama karani aliyeachishwa kazi.

"Semeni kitu," alisema Guruji Moreshwar, mzee aliyekuwa akiongoza ibada. "Msikae kama watu wanaongoja basi. Mwahidini. Kila mtu anajua alichomnyima."

Shangazi Dwarka, dada wa baba yake Raghunath, ndiye aliyeanza. Huyo hangoji kuombwa.

"Indu! Ile sari ya kijani uliyonililia mwaka jana, nitampa binti maskini aolewe nayo. Haya, mwambie kunguru ale."

Alitazama ukutani, akaongeza:

"Na sitasema tena kwamba ulikuwa unazidisha chumvi."

Kunguru mmoja akajikuna bawa.

"Mimi nimemaliza," Shangazi alisema, akafuta macho kwa pindo la sari. "Mbishi yule tangu yuko hai."

Akafuata Shripad, mdogo wake Indu. Miaka ishirini na minne, dereva wa lori la vitunguu, mabega mapana kama mlango. Mama yao alifariki Shripad akiwa na miaka minane, na Indu ndiye aliyembeba kiunoni, akamlisha, akamsomesha, akakataa wachumba watatu mpaka kijana apate akili. Shripad alianguka mbele ya jani akalia kwa sauti.

"Dada, naacha pombe! Dada, naacha lori, nitafanya kazi yoyote utakayo! Dada, nisamehe!"

Hakuna aliyegeuza hata shingo pale ukutani.

Raghunath alimwinua, akamkumbatia. Kisha akaliambia tonge, kwa sauti ya mtu asiyezoea kuomba: "Indu. Shripad atakaa kwangu. Kula kwake na kulala kwake ni kwangu. Nitamtunza kama mwanangu wa kumzaa."

Kunguru mmoja akaruka kutoka ukutani.

Akatua ngazi ya juu. Akarukaruka, moja, mbili, akateremka. Shangazi akajishika mdomo. Hatua tano tu kutoka kwenye jani, ndege akasimama, akainamisha kichwa upande kama mtu anayesikiliza nyuma ya mlango.

"Umemkaribia," Guruji alinong'ona. "Bado kuna kimoja. Sema."

Raghunath alidhani anakijua hicho kimoja. Alikuwa amekifunga kwenye pindo la shuka yake nyeupe, kiunoni, kwa siku sita sasa.

Kishada cha nyuzi nyekundu, na ushanga mmoja wa rangi ya dhahabu.

Alikichomoa kwenye ufa wa ngazi ya kisima, pale Indu alipoangukia. Ni kipande cha rakhi, uzi ambao dada humfunga kaka yake mkononi mwezi wa Shravan unapokuwa mpevu. Indu hakuteleza. Indu alishika mkono wa mwanaume, uzi ukakatika, naye akaenda chini.

Lakini mwezi ule, nani Nashik asiye na uzi mwekundu mkononi? Kila mwenye dada anao. Muuza chai anao, hakimu anao, mwizi wa baiskeli anao.

Na jana mchana Raghunath alifanya kosa ambalo hata kuruta wa wiki ya kwanza halifanyi. Aliongea. Chai ilipokuwa inapita, mbele ya Shangazi, Guruji na Shripad, alisema: "Kesho mtoni nitakagua mikono yote. Ambaye uzi wake umekatika, au hana, huyo ni wangu."

Leo alikagua. Alianza na Shripad, haraka haraka, akimwonea haya. Kijana alikunja mkono wa shati bila kuombwa mara mbili. Uzi ulikuwepo, mwekundu, mzima. Raghunath alijiona mbwa kwa kuangalia.

Sasa alikifinya kishada kile ndani ya pindo na kusema kwa nguvu:

"Indu, sikia. Nitamtafuta aliyekuua. Naapa mbele ya mto huu, nitamtoa popote alipo, na nitamvunja mkono huo uliokusukuma, kidole kimoja kimoja!"

Kunguru alirudi nyuma.

Alirudi ngazi moja, akarudi ya pili, akapiga mabawa akaenda zake ukutani kwa wenzake.

"Amekataa," Shangazi alisema.

"Amekataaje? Nani anakataa kulipiziwa?"

"Mimi nimeona kwa macho yangu, Raghu. Amekataa."

Hapo hapo honi ya gari ikalia juu barabarani, na ukuta mzima ukabaki mtupu. Kunguru wote kumi na mmoja waliruka kwa mkupuo. Kutoka kwenye gari hilo alishuka Mkuu wa Polisi Nimbalkar, viatu vyeusi vinang'aa, shada la maua ya manjano mkononi.

Damu ya Raghunath ilichemka. Si huyu aliyeifunga kesi kwa siku mbili? Si huyu aliyekataa hata kumhoji jirani? Na sasa anafika, ndege wanakimbia!

"Usishuke, afande!"

"Nimekuja kutoa pole, Bhalekar."

"Kwa nini wamekimbia ulipofika?"

"Kwa sababu dereva wangu amepiga honi. Una wazimu?"

Raghunath alipanda ngazi tatu kwa pamoja, akamkamata mkuu wake mkono wa kulia, akauvuta juu mkono wa shati la kaki mpaka kifungo kikaruka. Shangazi alipiga yowe.

Nyuzi tano. Zimefifia kwa jasho na maji ya kuoga, zimekuwa rangi ya matofali, lakini zote nzima.

"Nina dada watano," Nimbalkar alisema taratibu. "Nikuitie mmoja mmoja?"

Raghunath aliuachia mkono.

"Sasa nisikilize, na nitasema mara moja tu, kwa heshima ya huyu tunayemlilia." Mkuu alishusha sauti. "Unadhani faili nimelifunga kwa ajili ya nani? Jirani yenu alisikia Indu anagombana na mwanaume kisimani. Anasema si sauti ya mgeni. Ni sauti ya mtu wa nyumbani. Mwanaume wa nyumba ile ni nani, Bhalekar?"

"Mimi nilikuwa barabara ya Sinnar! Kwenye kesi ya yule mwalimu aliyegongwa na lori likakimbia!"

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Peke yako. Na karatasi ya kwamba mkeo aliteleza, ili asipasuliwe hospitali, ilisainiwa na nani?"

Ilisainiwa na Raghunath mwenyewe. Hakutaka visu viingie kwenye mwili ule. Aliutazama ukiwa katika sari ya kijani na bangili za kijani, kama avikwavyo mke anayemtangulia mumewe, akasaini uongo, akauchoma moto, na ushahidi wote ukaenda na moshi. Mpumbavu wa polisi gani anayeichoma kesi yake mwenyewe?

"Nikilifungua faili, wa kwanza kulala ndani ni wewe. Bastola yako iko ofisini, iache huko huko. Usije kazini mpaka nikuite." Nimbalkar aliweka maua juu ya ngazi. "Alikuwa mwanamke mwema. Alinipikia mara mbili."

Gari likaondoka.

Kama Inspekta angekuwa na akili zake za siku zote, angelikamata lile neno "mtu wa nyumbani" asiliache. Lakini mtu wa siku ya kumi hana akili. Raghunath alikaa chini juu ya jiwe lenye maji, mikono mitupu. Kazi hana, bastola hana, masharubu hana, mke hana. Mbele yake tonge limeanza kukauka.

Kunguru walirudi mmoja mmoja. Wakajipanga ukutani vile vile. Wakatazama.

"Raghunath," Guruji alisema, "jua limepanda. Kuna familia nyingine mbili zinaningoja. Nitafunga kunguru wa majani, nimgusishe tonge, ibada iishe. Inaruhusiwa. Wengi wanafanya."

Tayari vidole vyake vilikuwa vinasuka majani makavu: kichwa, mdomo, mkia.

"Hapana."

"Usiwe mkaidi mwanangu."

"Guruji, nimeshasaini uongo mmoja juu ya mwili wake. Wa pili sisaini."

"Raghu, mpenzi," Shangazi alibembeleza, "watu wanatutazama. Ngazi zote zinajua sasa kwamba wetu hataki kula."

"Wacha watazame."

Shripad alikuwa amekaa pembeni, amekumbatia magoti, shati lake la mikono mirefu limefungwa mpaka vifungo vya mwisho. "Shemeji, kubali tu," alisema. "Majani au manyoya, si kugusa ni kugusa? Mwache Dada aende."

"Ningejua njia ya kumwacha, Shripad, ningekuwa nimemwacha."

Guruji alimtupa kunguru wa majani nyuma yake, akachuchumaa karibu na Raghunath mpaka magoti yakalia. "Basi nikuulize kitu. Ulichomwahidi pale, ni wewe unachokitaka. Kisasi ni njaa yako. Yeye alitaka nini?"

"Sijui."

"Miaka kumi na moja ya ndoa, hujui?"

Hapo Raghunath akakumbuka. Ilimjia mara moja, na ilimuuma kiasi kwamba alijikunja.

Asubuhi ile ya mwisho. Yeye anavaa mkanda, Indu amesimama mlangoni na bilauri ya chai. Indu hakuwahi kumwita mumewe kwa jina, hata wakiwa wawili chumbani.

"Wewe bwana, sikia. Ukirudi leo nina jambo la kukwambia."

"Sema sasa."

"Kwanza uniahidi. Ukishalisikia, hutafanya kitu. Hutamgusa mtu."

Alicheka. Alicheka, msomaji wangu, kwa yale masharubu yake yote! "Polisi haahidi kabla ya kusikia kosa," alimwambia, akanywa chai nusu, akapanda pikipiki.

Indu hakucheka. Alibaki ameshika bilauri.

"Niahidi tu," alisema nyuma yake. "Mara hii moja."

Aliporudi jioni, aliyekuwa akimngoja alikuwa juu ya kitanda cha kamba, amelowa, na majirani wamemzunguka.

Raghunath alinyanyua uso. Machozi yalikuwa yanamwagika na hakuyafuta. Aliligeukia tonge lile, akaliweka sawa juu ya jani kwa vidole viwili, kama mtu anayemtengea mgonjwa chakula.

Alikuwa anajua anachokwenda kupoteza. Kumsaka mtu yule ndiko pekee kulikomwamsha asubuhi kwa siku sita. Akikitoa hicho, anabaki na nini?

"Indu," alisema. Akaanza tena. "Indu, naahidi. Nilitakiwa kuahidi siku ile na sikuahidi. Aliyekuua sitamtafuta. Na hata nikimjua, sitamgusa. Sitamtaja mahakamani, sitamtaja kwa mtu. Mbele ya Guruji, mbele ya Shangazi, mbele ya mdogo wako. Nimeahidi. Sasa kula, mke wangu. Kula uende."

Alikuwa hajafunga mdomo.

Kunguru alishuka moja kwa moja kutoka ukutani, hakurukaruka, hakusikiliza. Alitua juu ya jani, akapiga mdomo katikati ya tonge, akameza, akapiga tena. Nyuma yake wakashuka wote kumi. Wali ukatawanyika, mabawa yakampiga Raghunath usoni, naye hakurudi nyuma hata inchi moja.

"Ameridhika!" Shangazi alilia kwa sauti. "Ameridhika mtoto wangu!"

Watu wa familia nyingine kule ngazini walikutanisha viganja vifuani. Raghunath alilia kama ambavyo hakuwa amelia tangu moto ulipowashwa. Kwa pumzi chache alimsikia mkewe akiondoka, na mahali alipokuwa amesimama pakawa baridi.

"Maji sasa, haraka," Guruji alisema, sauti nyepesi kwa kuona kazi imeisha. "Kila ndugu achote kwa viganja viwili, ammiminie. Mara tatu. Mume kwanza."

Raghunath alichota mara tatu. Shangazi akachota, akisaidiwa kuinama.

"Ndugu wa kuzaliwa naye sasa. Shripad. Kunja mikono ya shati, kijana, maji ya marehemu hayamiminwi kwa nguo."

Shripad akakunja. Akashuka mpaka maji yakamfika magotini. Akatumbukiza mikono yote miwili, akaiinua juu ya kichwa kwa heshima, viganja vimejaa, na maji yakaanza kuteremka mikononi mwake kuelekea kwenye viwiko.

Yaliteremka mekundu.

Mstari mwekundu ulitoka kwenye kifundo cha mkono, ukafuata mshipa, ukadondoka mtoni. Kwa sekunde moja Raghunath alidhani kijana amejikata. Kisha akauona uzi.

Uzi mpya hutoa rangi. Kila mtu Nashik anajua hilo, kila mama anawafokea wanawe wasifute mikono kwenye shuka. Siku ya kwanza unachafua maji, siku ya pili unachafua kidogo, baada ya wiki umefifia kama zile nyuzi tano za Nimbalkar. Huu wa Shripad, Indu alimfunga siku kumi na mbili zilizopita, mbele ya macho ya Raghunath, akamtia peremende mdomoni. Siku kumi na mbili za kuoga, na za kufua nguo za msiba.

Huu haukuwa ule. Huu ulinunuliwa asubuhi ya leo, kwenye meza za mabaki sokoni, baada ya chai ya jana.

Raghunath alisikia maneno yakirudi yenyewe, moja baada ya jingine. Sauti ya mtu wa nyumbani. Mwalimu aliyegongwa barabara ya Sinnar. Lori la vitunguu. *Hutamgusa mtu.*

Nani mwingine duniani Indu angemwombea ahadi, hai na mfu?

Mkono ulikwenda kiunoni kutafuta bastola ukakuta pindo la shuka na kishada cha nyuzi.

Shripad alimimina mara ya tatu. Akateremsha mikono, akaona wekundu kwenye ngozi yake. Akaona anayemtazama.

Guruji alikuwa anakusanya vyombo. Shangazi alikuwa anawahesabu kunguru kwa furaha. Kijana alipanda ngazi moja, ya pili, maji yakimchuruzika, mpaka uso wake ukawa karibu na uso wa shemeji yake.

"Yule mwalimu alitokea ghafla mbele ya lori," alisema kwa sauti ya chini kabisa. "Dada alisema nije nikwambie mwenyewe. Nilimwomba asiseme. Nilimshika tu, shemeji. Nilimshika ili anyamaze. Kisha nikawa simshiki tena."

Raghunath alifungua mdomo.

"Umeahidi," Shripad alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka kweli kweli, na macho yenyewe hayakupepesa. "Na kunguru amekula."

Ilikuwa kweli. Jani lilikuwa tupu.

"Raghu!" Shangazi aliita kutoka juu, amejaa furaha ya msiba uliomalizika vizuri. "Mlete mwanao twende nyumbani! Nimeshasema chumba cha nyuma kifagiliwe, kile kinachotazama kisima. Atakaa humo. Si ulimwahidi marehemu?"

Mwanao. Kula kwake, kulala kwake.

Shripad alifuta uso kwa bega. Kisha akamnyooshea Inspekta ule mkono wa kulia, uzi mwekundu bado unadondosha matone juu ya jiwe.

"Nishike, shemeji," alisema kwa upole. "Ngazi zinateleza."

Na Raghunath Bhalekar, ambaye hakuwa na mahali pengine pa kushika, akaushika.